Hasira ndani ya arobaini
Mama, mtoto kalia usiku kucha, hasira zimekupanda, halafu mtu anakwambia "swali tu". Uswali vipi na bado uko kwenye nifasi? Swala imesimama, ila dua na dhikri hazijasimama. Mlaze mtoto chali mahali salama, toka chumbani dakika chache. Sema audhubillahi, kaa chini, nyamaza, kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha. Usimtikise mtoto kamwe, damu inaweza kuvujia kwenye ubongo wake. Nanyi akina baba, badala ya kumhubiria, mpokeeni mtoto mama alale. Hasira au huzuni ikipita wiki 2, nenda kliniki ukaseme. Kutafuta tiba si upungufu wa imani, dada yangu.