Mkutano Mkuu wa Kijiji: Nguvu ya Mwananchi Isiyosubiri Uchaguzi

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba, 2024 uliwapatia wananchi wa mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyokuwa kwa mikoa mingine ya Tanzania Bara, viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa kwa kipindi cha miaka mitano. Hata hivyo, mamlaka ya mwananchi hayakomei katika sanduku la kura. Kijijini yapo pia katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao umuhimu wake haufahamiki vya kutosha.

Utawala katika mikoa hiyo hufuata njia mbili zinazokutana. Ya kwanza hushuka kutoka Serikali Kuu, ambapo Rais huteua Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa halmashauri. Ya pili hupanda kutoka kwa mpiga kura kupitia mwenyekiti wa kijiji au mtaa, diwani wa kata na Baraza la Madiwani. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba na Iringa tano. Katika kila moja, madiwani hupitisha mipango na bajeti, naye Mkurugenzi husimamia utekelezaji.

Mpangilio huu ni matokeo ya mabadiliko mengi. Wakati wa utawala wa Waingereza, machifu walitumika kukusanya kodi na kuamua mashauri. Madaraka yao ya kiserikali yalifutwa mwaka 1963, ingawa heshima yao haikutoweka: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe alilitumikia Taifa kwa miaka mingi akiwa Spika wa Bunge. Mwaka 1972 ulianza mfumo wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa watendaji wa mikoa na wilaya. Ilidhihirika kwamba kuwasogeza watumishi karibu na wananchi si sawa na kuwapa wananchi kauli. Sheria za mwaka 1982 zilirejesha Serikali za Mitaa, na Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unajumuisha kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na ndicho chombo cha juu kijijini katika masuala ya sera.

Uzito wake huonekana zaidi katika ardhi. Wilayani Mufindi mashamba ya miti na chai yanahitaji maeneo makubwa, na Mbarali kilimo cha mpunga kinategemea bonde la Usangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Aidha, ardhi ya kijiji inapopendekezwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, mkutano huo huidhinisha au hukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya wanakijiji.

Mijini hali ni tofauti. Mwenyekiti wa mtaa katika Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa huongoza mikutano ya wakazi, lakini mtaa hauna mamlaka ya kugawa ardhi. Muhuri wake pekee hautoshi kumhakikishia mnunuzi umiliki wa kiwanja.

Haki hizi hulindwa kwa kutumiwa. Mkutano unapokosa mahudhurio, uamuzi wa wachache huweza kuwafunga wengi, na muhtasari usiosomwa hadharani hufungua mlango wa migogoro. Ni wajibu wa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji kuitisha mikutano kwa wakati na kusoma mapato na matumizi. Mwananchi naye ana wajibu wa kuhudhuria, kuuliza na kuhakikisha uamuzi wa mkutano umeandikwa jinsi ulivyotolewa.