Mtoto Amwambie Nani?

Mtoto akivunjika mkono shuleni, kila mtu hujua la kufanya. Mwalimu humfunga kipande cha ubao, mwenzake humsindikiza, baba huitwa kutoka kazini, na kabla ya jua kutua mtoto yuko Bombo anatazamwa na daktari. Lakini mtoto huyo huyo akivunjika moyo, akawa hapati usingizi, hachezi na wenzake, na alama zake zikaporomoka kutoka za juu hadi za mwisho, hapana ajuaye la kufanya. Darasani huitwa mvivu. Nyumbani huambiwa ana jini. Na mara nyingi jawabu la kwanza alipatalo ni fimbo.

Jambo hili twaliona si dogo, nasi twataka kulisema waziwazi juu ya shule za serikali za Tanga, Muheza, Mkinga na Pangani, ambamo wamo watoto wa makuli wa bandarini, wa wakata mkonge, wa wavuvi na wa mama lishe. Yaani watoto wetu.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani. Hatusemi kwamba ni wendawazimu. Wengi wao wana huzuni isiyokwisha au hofu isiyo na jina, na wakisaidiwa mapema hupona. Katika darasa la watoto 70, na madarasa ya namna hiyo si ya kutafuta tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, hesabu hiyo ni watoto kumi. Watoto kumi katika chumba kimoja, na mbele yao mwalimu mmoja mwenye chaki.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka habari za Kashasha, kule Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, nchi haijatimiza hata miezi miwili ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya misheni walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikawashika 95 kati ya wanafunzi 159. Wengine kiliwatoka baada ya saa chache, wengine kiliwarudia kwa muda wa hata siku 16, pamoja na vilio na kukimbia ovyo. Shule ikafungwa mwezi wa Machi, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena; na maradhi yakawafuata watoto makwao, yakaingia kijiji cha Nshamba. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na kuchunguza chakula, wasione sumu wala kijidudu. Wala hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa. Ulimwengu mpaka leo husimulia kisa hiki kama kichekesho. Sisi hatuoni cha kuchekesha ndani yake. Waliokitafakari baadaye wameona humo dhiki ya moyo iliyokosa njia ya kutokea, ikatokea mwilini.

Huku pwani hatusemi kicheko, twasema mapepo. Msichana mmoja hupiga ukelele darasani akaanguka, na kabla ya kengele ya mapumziko wameanguka kumi. Huitwa shehe, au mchungaji, au mganga. Pengine shule hufungwa kwa siku kadhaa. Hatumdharau yeyote kati ya hao, maana dua humtuliza mtu, na mtu aliyetulia ni nusu ya kupona. Lakini wakisha kwenda zao, wasichana wale hubaki na lile lile lililowaangusha. Pengine ni mjomba anayewanyemelea usiku. Pengine ni mtihani. Pengine ni njaa, au posa iliyokwisha pokelewa pasipo wao kuulizwa. Nani amewauliza?

Tusiseme kwamba serikali haikuliona jambo hili. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 11, ukiwaagiza wakuu wa shule wateue walimu wa kutoa ushauri kwa wanafunzi. Mwaka huo huo zikatolewa kanuni za viboko: visizidi vinne, na apigaye awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Hati hizi mbili zimeishi pamoja zaidi ya miaka ishirini, na si ajabu kuzikuta katika shule moja zimekabidhiwa mtu mmoja. Asubuhi yuko langoni anawachapa waliochelewa. Alasiri anawangoja hao hao waje kumfungulia mioyo yao. Msichana aliyechapwa kwa kusinzia darasani atamwambiaje mwalimu yule kwa nini halali usiku?

Hatumlaumu mwalimu. Yeye naye ni mfanyakazi, tena mwenye mzigo. Ana vipindi vyake vyote kama wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, na ushauri ameongezewa juu ya hayo bila kupunguziwa hata saa moja. Chumba hana. Mtoto mwenye siri huambiwa aiseme katika chumba cha walimu, mbele ya meza kumi na tano. Huko ni kumwambia mtoto anyamaze.

Na mkoa wetu, kwa kweli, una sababu ndogo kuliko mingine ya kujitetea. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko Lutindi. Wamisheni wa Kijerumani waliijenga mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Watu wake wanatibiwa, na wenye nguvu wanalima na kufanya kazi za mikono. Kwa zaidi ya miaka mia basi mlima huu umejua kwamba maradhi ya akili yana tiba. Lakini kutoka dawati la mwanafunzi wa Pangani hadi Lutindi hapana ngazi ya katikati. Mtoto hupelekwa huko, kama hupelekwa, baada ya miaka ya kuzungushwa, naye amekwisha acha shule.

Kuna lililo zito zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu chamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mzazi ajuaye hivyo humficha mwanawe badala ya kumpeleka hospitali, na mkuu wa shule huomba habari isitoke nje. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinapingana na katiba. Wabunge wetu hawana haja ya kungoja mahakama.

Wako watakaosema kwamba hatuna madaktari wa akili wa kutosha kwa kila shule. Ni kweli. Zimbabwe nao hawakuwa nao. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kumwongoza mtu katika shida yake, akawaweka juu ya mabenchi nje ya zahanati. Kazi ile imepimwa kitaalamu, ikaonekana inapunguza maradhi ya huzuni. Kama bibi mwenye benchi aliliweza jambo hili, mwalimu wetu aliyesomea kazi yake ataliwezaje asiliweze, mradi apewe nafasi?

Twataka, basi, mambo machache. Mwalimu wa ushauri asishike fimbo, wala asikae katika kamati ya nidhamu. Awe wa kike mmoja na wa kiume mmoja, wafundishwe, na vipindi vyao vipunguzwe. Kila shule itenge chumba chenye mlango unaofungika, hata kama ni stoo ya majembe iliyosafishwa. Na mwuguzi wa maradhi ya akili kutoka Bombo au hospitali ya wilaya afike shuleni kila mwezi kwa siku ijulikanayo, ili mwalimu awe na mtu wa kumkabidhi mtoto ambaye shida yake imemshinda.

Wanachama waliomo katika kamati na bodi za shule wanaweza kuanza na lile la fimbo kesho, maana halina gharama hata ya senti. Mengine yahitaji fedha kidogo: nauli ya mwuguzi, siku chache za mafunzo, kitasa cha mlango. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Madiwani wa Jiji la Tanga, wa Muheza, wa Mkinga na wa Pangani watakapoyafungua makabrasha hayo, tutatazama kama kuna mstari wenye jina la kazi hii, na tutaandika hapa tulichokiona.