Sufuria ya Mbwa

Jioni ile Simba alipobwekea rundo la kuni, nilimkemea anyamaze. Mara akalia, akawa anajifuta macho kwa miguu ya mbele. Swila alikuwa amemtemea sumu, na nyoka huyu hutema umbali wa mita 2 au zaidi.

Baba watoto alikuwa safarini. Nilimshika mbwa shingoni, binti yangu akammiminia maji safi machoni kwa dakika 20, bila kusugua, kisha tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. (Jirani alileta majani ya kukamulia. Nilimshukuru, nikayaweka kando.) Macho yamepona.

Daktari aliniuliza, "Mama, sufuria ya mbwa inalala wapi?" Nikaona haya. Ililala nje na makombo yake. Makombo huita panya, panya humwita nyoka. Nazo kuni nilizirundika kando ya mlango anaotokea kitinda mimba wetu kila asubuhi, pekupeku.

Sasa Simba hula saa kumi na moja jioni, sufuria huoshwa na kuingizwa ndani. Kuni ziko kichanjani, mbali na nyumba. Kitinda mimba tumemnunulia raba.