Ngiri si ya kufichwa

Hapa Madimba wapo wanaume wanaoficha ngiri kwa haya. Ikijibana, utumbo huoza na mtu hufa. Tiba ni upasuaji, na mara nyingi daktari huweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo.

Kule Kamuli, Uganda, wanaume 302 waliwekewa wavu wa kiwandani au kitambaa cha chandarua kisicho na dawa ya mbu, kilichotakaswa hospitalini. Matokeo yalitoka 2016: baada ya mwaka ngiri ilimrudia mmoja tu.

Zipo nyavu zilizotiwa dawa ya bakteria, ila ni ghali. Kwa maoni yangu, hospitali zetu zianze na utakasaji wa vifaa. Hapa twahara ya maji pekee haitoshi; vijidudu vikiingia na wavu, huenda mgonjwa akapasuliwa tena. Basi tusione haya, twendeni mapema.