Mnyama wa Mradi Achaguliwe na Nani?

Tux, yule pengwini mnene wa Linux, hakushinda kura. Katika miaka ya tisini yalifanyika mashindano matatu ya kutafuta nembo ya mfumo huo, na mchoro wa Larry Ewing haukuongoza hata katika moja. Leo ni huyo huyo anayebandikwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwenye fulana dunia nzima, na michoro iliyomshinda haikumbukwi. Kila jumuiya ya programu huria inayofikia hatua ya kujitafutia mnyama wa nembo ingefaa ianzie hapo. Njia inayoonekana ya haki kuliko zote, yaani kufungua kura na kila mtu ataje mnyama ampendaye, ndiyo inayozaa mnyama asiyependwa na mtu.

Chukulia kura hiyo inafunguliwa katika kundi la WhatsApp la wasanidi wa Dar es Salaam au Nairobi. Simba atatajwa ndani ya dakika ya kwanza, watafuata chui, tembo, twiga na tai. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ametaja sifa anayoitakia kazi yake, iwe nguvu, kasi au macho makali. Ila sifa hizo kila mtu anazitaka, kwa hiyo wanyama wake wameshachukuliwa. Simba ni klabu ya Msimbazi, na ni mfuko wa saruji ya Tanga pia. Twiga ni saruji ya Wazo Hill, Tembo ni saruji ya Mbeya. Hata ndani ya kompyuta tembo ana kazi nyingi: yumo PostgreSQL, yumo PHP, na Hadoop ilipewa jina la mwanasesere wa tembo wa manjano aliyekuwa wa mtoto wa Doug Cutting, mmoja wa waanzilishi wa programu hiyo. Mradi mchanga ukijiunga na foleni hiyo, hauonekani.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1996, wengine walipokuwa wakipendekeza wanyama wa kutisha, yeye alieleza pengwini aliyekwisha kula akashiba, ameketi kwa raha zake, wala hakutaka abebeshwe dunia mabegani. Ewing akayachukua maelezo hayo akayachora kwa GIMP, programu huria ya michoro iliyokuwa bado changa. Mtazame vizuri alivyotoka: tumbo jeupe limejaa, miguu mipana ya njano imetandazwa mbele, macho mawili yamekaribiana juu ya mdomo mnene. Rangi ni chache mno. Mtoto wa darasa la pili akimchora kwa kipande cha mkaa ukutani, utamjua.

Sifa hiyo ya kuchoreka ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote, na ushahidi wake uko karibu nasi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao vifaa vyake vingi hufanya kazi bega kwa bega na Linux hadi sasa. Mnyama wake ni nyumbu, yule yule tunayemwona akihama kwa mamia ya maelfu kati ya Serengeti na Maasai Mara. Kwa umri, nyumbu ndiye kaka na pengwini ni mdogo wake. Lakini nyumbu wa GNU ni kichwa tu, chenye ndevu na pembe zilizojikunja, kimechorwa kwa mistari mingi. Naupenda mchoro ule. Hata hivyo hauigiki kwa haraka, hauna mwili wa kuvalishwa shati wala mkono wa kushika kitu, na inaniuma kwamba mnyama wa mbuga zetu hajulikani kwa vijana wengi wanaotumia matunda ya mradi wake kila siku.

Linalofuata ni mzigo wa maana. Mnyama haji mtupu; huja na yote ambayo watu wamekwisha kumsema. Mifumo ya BSD imejulikana tangu miaka ya themanini kwa kijishetani chekundu chenye pembe, mkuki wa ncha tatu na raba miguuni. Waliomzoea wanamwona mtundu wa kupendeza, lakini mtu wa dini anayekutana naye mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Mwaka 2005 FreeBSD walifanya mashindano ya nembo mpya, wakapata duara jekundu lenye pembe mbili, na kijishetani kikabaki kama mnyama wao wa nyumbani. OpenSUSE, mfumo wa Linux wenye asili ya Ujerumani, una kinyonga wa kijani. Wao wanamwona kiumbe anayejua kwenda na mazingira; mtaani kwetu kumwita mtu kinyonga ni kumwambia hana msimamo. Bundi, ambaye Ulaya huwekwa kwenye vitabu vya shule kama mwenye hekima, akilia juu ya paa huku Pwani watu hawalali. Mradi unaotarajia watumiaji kutoka nchi nyingi unapaswa kuwauliza watu wa kila upande mapema, kabla stika hazijachapwa.

Kisha lipo suala ambalo jumuiya nyingi hulisahau: mnyama ni wa nani? Lugha ya Perl ilimpata ngamia wake mwaka 1991, kwenye jalada la kitabu cha O'Reilly. Wasanidi walimpenda, ila ngamia ana mwenyewe. Mchapishaji anamshikilia kama alama yake ya biashara, na taasisi inayoisimamia Perl ikajichagulia kitunguu. Linganisha na Ferris, kaa wa rangi ya chungwa wa lugha ya Rust. Hata si nembo rasmi, lakini mchoraji wake aliachia umma haki zote, na kila mwenye kalamu anamchora apendavyo. Ewing naye aliruhusu yeyote kumtumia na kumbadilisha Tux, mradi tu mtu akiuliza, atajwe yeye na GIMP.

Uhuru huo una matunda ya wazi. Mwaka 2009, toleo la 2.6.29 la Linux lilitoka na mnyama mwingine badala ya pengwini: mla nyama mdogo wa kisiwa cha Tasmania, anayeangamizwa na saratani ya uso, akiwa amevaa mdomo bandia wa pengwini. Wasanidi walikuwa wametoka kukutana Hobart, mji mkuu wa kisiwa hicho, wakataka ugonjwa ule ujulikane. Tux alimwachia mwenzake nafasi kwa toleo moja, na hapakuwa na kampuni ya kuombwa kibali.

Najua hoja ya upande wa pili. Jumuiya inajengwa na wengi, kwa nini mchoraji mmoja apewe uamuzi? Nakubali kwamba wengi lazima wawe na sauti, na mahali pake ni kwenye jina. Waliotengeneza hifadhidata ya MySQL walikuwa na pomboo asiye na jina, wakawaomba watumiaji wapendekeze. Aliyeshinda ni msanidi wa Eswatini mwenye asili ya Uganda. Alitoa jina Sakila, la kike katika Kiswati, ambalo pia ni la mahali huko Arusha. Jina hupendekezwa na yeyote, halihitaji kipaji cha kuchora, na halivurugiki kwa kupigiwa kura. Mchoro uliorekebishwa na kamati hupoteza uso.

Kwa mradi wa Afrika Mashariki, mimi ningempendekeza sange. Anaishi kwenye misitu ya pwani, Arabuko-Sokoke wapo wenye makalio ya manjano, na mwaka 2008 wanasayansi walitangaza aina mpya kutoka milima ya Udzungwa. Ana umbo la panya, lakini kinasaba yuko karibu zaidi na tembo. Siijui methali inayomtukana, wala saruji iliyomchukua. Na ana ile pua ndefu inayopinda, ambayo mstari mmoja unatosha kuionyesha. Apewe mchoraji mmoja majuma mawili, na leseni iandikwe kabla mchoro haujapokelewa.