VAZI LA NJURI SI LA KAMPENI

Wakoloni walieneza kwamba Mwafrika hakuwa na dini wala sheria, ila uchawi. Uongo mtupu! Ndugu zetu Wameru wa Kenya walimjua Murungu, wakabarikiwa na Mugwe, ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa ndani ya vazi, ukatolewa kwa baraka tu. Mashauri ya mashamba na mifugo yaliamuliwa na wazee wa Njuri Ncheke, bila jela wala polisi.

Mwaka 1956 Njuri, ikiungwa mkono na serikali ya kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji. Sisi hatuutetei ukeketaji hata kidogo. Lakini wasichana wengi walijikata wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Katika amri ile watu walisikia sauti ya Bwana D.C.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yazikubali njia za kimila za kuamua mashauri. Nao wanasiasa wamiminika Nchiru, kwenye makao ya Njuri, kuvishwa vazi la mzee wapate kura. Ndugu wanachama mnaotaka ubunge, msiende huko kwa shabaha hiyo. Kesho mzee akikaa kuamua shauri la shamba, yule aliyepigia kura chama kingine atamwaminije?