Nyumba na Akiba: Kampuni ya Kujenga na Umri wa Fedha Zake

Askari anayekaa katika nyumba ya kambi halipi kodi mwisho wa mwezi, na jambo hilo ndilo linalomsahaulisha. Miaka ishirini hupita upesi. Siku anapopewa barua ya kustaafu, au siku mkewe anapoletewa habari ya msiba, nyumba ile hutakiwa kwa ajili ya askari mwingine, na jamaa nzima hujikuta nje pamoja na vitanda, masufuria na watoto wa shule. Hapo ndipo lilipotoka wazo ambalo husikika mara kwa mara miongoni mwa wenzetu: tuunde kampuni, tukusanye fedha, tununue ardhi, tujenge nyumba za bei nafuu, kila mmoja alipe polepole mpaka nyumba iwe yake. Wazo hilo ni jema. Lakini si jipya katika Afrika ya Mashariki, na yafaa kutazama yaliyowapata waliotangulia kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Ndugu msomaji, fedha zina umri. Kuna fedha ambazo mwenyewe aweza kuzidai kesho asubuhi, na kuna fedha zilizotolewa kukaa miaka ishirini. Nyumba haiwezi kulipwa kwa mwaka mmoja na mtu wa mshahara. Basi kampuni inayochukua akiba za watu, ambazo zaweza kudaiwa kesho, ikazikopesha kwa wanunuzi watakaozirudisha kwa miaka kumi na mitano, imejitwika hatari kubwa tangu siku ya kwanza. Wenye akiba wakija wote pamoja, itawalipa nini? Tofali halichomolewi ukutani likageuka noti.

Hayo yalitokea kweli. Kabla ya uhuru, nchi zetu zilikuwa na vyama vya fedha vya kujengea nyumba, vilivyotegemea zaidi akiba za walowezi na wafanya biashara. Ilipodhihirika mwaka 1960 kwamba uhuru wa Kenya u karibu, wengi waliogopa, wakaanza kuondoa fedha zao na kuzipeleka ng'ambo. Vyama vile vilisimamisha mikopo, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha kuwa kuta na mapaa. Ndipo serikali mpya zilipotafuta mshirika mwenye fedha za muda mrefu, zikampata katika shirika la maendeleo la Uingereza lijulikanalo kwa herufi CDC, lililoundwa mwaka 1948. Kwa ushirika huo zilizaliwa kampuni tatu za kukopesha wanunuzi wa nyumba: ya Kenya mwaka 1965, ya Uganda mwaka 1967, na ya Tanzania katika miaka hiyo hiyo. Zilikuwa kama watoto wa mama mmoja, lakini kila mmoja alikwenda njia yake.

Ile ya Kenya ilibaki kampuni, na mwaka 1992 hisa zake ziliingizwa katika soko la hisa la Nairobi. Mtu anayepita Buruburu, mashariki ya Nairobi, ataona alama yake. Mtaa ule ulianza kujengwa mwaka 1973, ukaendelea kwa awamu mpaka miaka ya 1980, na makarani, walimu na watumishi wa kiasi waliweza kununua kwa mikopo mirefu. (Atakayeuliza bei ya nyumba hizo leo atashangaa kusikia kwamba ziliwahi kuwa za watu wa kiasi.) Tanzania ilichukua njia nyingine: mwaka 1973 ilianzisha benki ya nyumba ya umma ikashika kazi ya ile kampuni. Benki hiyo ilikopesha mijini na vijijini kwa nia njema, lakini madeni yasiyolipwa yakarundikana, na mwaka 1995 ikafungwa. Baada ya hapo, mtu wa mshahara aliyetaka nyumba alijenga chumba kimoja kimoja kwa fedha za mfukoni, kama wengi wetu tunavyofanya.

Ya kwetu Uganda ilinusurika, ila iliponea chupuchupu. Kilichoitafuna kilikuwa kupanda kwa bei. Tuseme mtu alikopa shilingi 60,000 mwaka 1975. Mwaka 1987 Serikali ilipobadili fedha na kukata sifuri mbili, deni hilo, kama lilikuwa bado halijalipwa hata kidogo, lilihesabiwa kuwa shilingi 600 mpya. Mkopaji alifurahi, na nani angemlaumu? Lakini aliyeweka akiba yake ili wengine wakopeshwe alibaki akitazama kitabu cha benki kisichoweza kumnunulia bati moja. Kampuni ilipata pumzi katika miaka ya 1990, Serikali ilipowauzia wapangaji nyumba zake na wanunuzi wakahitaji mikopo, na mwaka 2008 ikawa benki kamili. Nusu ya hisa zake zilishikwa na mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, na hilo halikuwa jambo la bahati. Michango ya mfuko wa wazee hukaa miaka mingi kabla ya kudaiwa, kwa hiyo umri wake walingana na umri wa mkopo wa nyumba.

Hapa ndipo askari anapopaswa kutulia na kufikiri. Yeye anayengojea pensheni ya Serikali hachangi katika mfuko ule, kwa hiyo kampuni ya askari haina kisima hicho cha kuchota. Kilicho karibu naye ni chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo ya wanajeshi, iliyoanza mwaka 2005, au Exodus ya polisi. Katika chama cha namna hiyo kuna hisa na kuna akiba, na watu hupenda kuzichanganya katika mazungumzo. Akiba mwanachama aweza kuitaka mtoto akiugua au ada ya shule ikifika. Hisa hukaa mpaka atakapotoka katika chama. Kwa maoni yangu, ardhi na saruji zinunuliwe kwa fedha za hisa, au kwa mkopo mrefu kutoka benki, wala akiba zisiguswe hata kidogo. Mweka hazina atakayesema "tutazirudisha upesi" aombwe aandike tarehe.

Riba nayo yataka kuhesabiwa kwa kalamu, maana mdomo huificha. Chukua mkopo wa shilingi 60,000,000 wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Kila mwezi mkopaji atalipa karibu shilingi 881,000. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 800,000 ni riba tupu. Zinazopunguza deni ni 81,000 tu. Akimaliza atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 158,000,000. Mkopo ule ule kwa asilimia 8 ungekuwa karibu shilingi 573,000 kwa mwezi, na jumla yake kama shilingi 103,000,000. Ramani haikubadilika, wala mchanga, wala ujira wa fundi. Kwa hiyo wale wanaotafuta unafuu kwa kupunguza saruji au kutoa mlango mmoja wanahangaika na sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa imo katika fedha zenyewe, zimetoka wapi na zimekopwa kwa muda gani.

Jambo jingine ni kutenga kazi mbili. Kujenga ni kazi moja na kukopesha ni nyingine. Shirika la nyumba la taifa liliundwa mwaka 1964 ili lijenge. Kampuni ya mikopo ikaja mwaka 1967 kama chombo kingine chenye vitabu vyake. Kampuni ndogo ikifanya yote mawili kwa mfuko mmoja, bei ya mabati ikipanda itachukua marejesho ya wale wa awamu ya kwanza ili kuezeka nyumba za awamu ya pili, na hapo hakuna tena ajuaye fedha ni za nani. Mradi ukiwa mdogo, angalau akaunti ziwe mbili na watia sahihi wawe mbalimbali.

Sheria nazo zina neno. Kampuni ya binafsi haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 100 chini ya sheria ya kampuni ya mwaka 2012, kwa hiyo kikosi kizima hakiingii humo. Watu wengi wafaa chama cha ushirika au kampuni ya umma. Na kampuni yoyote haiwezi kupokea amana za umma bila leseni, hata ikiwa mwenyekiti wake ana nyota ngapi begani.

Kuhusu ardhi, kampuni ionyeshe hati miliki yenye jina lake kabla ya mtu yeyote kulipa. Barua ya kuahidiwa ardhi si ardhi. Wengi wanakumbuka mitaa ya Nakawa na Naguru hapa Kampala: mwaka 2011 zaidi ya familia 1,700 za wapangaji ziliondolewa ili kampuni moja ijenge mji mpya, nao wakaahidiwa nafasi ya kununua nyumba humo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Mji ulioahidiwa haukuwafikia. Katika Buganda kuna tahadhari zaidi, kwa sababu ardhi ya mailo yaweza kuwa na mwenye hati na pia wenye vibanja walio juu yake. Anayenunua hati bila kuzungumza na wenye vibanja amenunua kesi. Na nyumba ikiwa ya ghorofa, sheria ya mwaka 2001 inamruhusu kila mnunuzi kupata hati ya sehemu yake mwenyewe. Kampuni isiyotaka kugawa hati hizo iulizwe sababu, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Sasa nawageukia akina mama wa kambini, kwa sababu mambo mawili ya mwisho ni yao hasa. Sheria ya rehani ya mwaka 2009 inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla nyumba ya jamaa haijawekwa rehani. Mama akiletewa karatasi, asitie sahihi ukutani huku chungu kiko motoni. Aketi, asome au asomewe, aulize ni kiasi gani na kwa miaka mingapi.

La pili ni bima. Mkopo mrefu huambatana na bima ya maisha, ili mkopaji akifa deni lilipwe na nyumba ibaki kwa mjane na watoto. Kwa raia wa kawaida jambo hilo hutosha. Lakini mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachoondoa vifo vya vitani, na mara nyingi kimeandikwa kwa herufi ndogo karibu na mwisho. Mtu wa duka hahitaji kukitafuta. Mke wa askari anakihitaji kuliko ukurasa wowote mwingine. Ikiwa kifungu hicho kimo, mume akifia katika mapigano deni lote litamwangukia mjane. Kampuni inayojengwa kwa ajili ya askari yaweza kujadiliana na mwenye bima kwa niaba ya wanachama wote pamoja, na kulipa ziada ili kifungu kiondolewe, jambo ambalo koplo mmoja mmoja hawezi kulipata. Hilo liamuliwe katika mkutano wa kwanza, kabla ya ramani za nyumba kuletwa mezani.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kukagua hati katika ofisi ya ardhi ya kanda, na alama za kutazama katika hati iliyowahi kuwekwa rehani.